Kabla ya Kwenda Kwenye Kikao cha Nauli: Mwongozo kwa Madereva wa Kijiwe na wa Mtandao

Tangazo likitoka kwamba Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inaita wadau kutoa maoni kuhusu nauli na masharti ya teksi, kijiweni watu hugawanyika. Wapo wanaosema hawaendi, uamuzi umeshafanyika. Wapo wanaokwenda na hasira zao, wanapewa kipaza sauti kwa dakika chache, wanasema watu wa mtandao wamewamaliza, wanapigiwa makofi, wanarudi. Amri inapotoka, hamna hata mstari mmoja uliotokana na maneno yao.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenyekiti wa kijiwe, na ni wako pia wewe kiongozi wa chama cha madereva wa teksi mtandao. Nimewaweka pamoja makusudi. Nauli mnayoigombania inatoka mfukoni mwa abiria yuleyule, na mengi ya magari yenu ni IST na Passo zilezile, zenye matajiri wanaosubiri hesabu kila jioni. Kinachowatofautisha ni masharti ya kazi. Pale masharti yanapokuwa ya haki, abiria anachagua kwa bei, usalama na huduma. Yasipokuwa ya haki, anashinda yule anayekwepa gharama ambayo mwenzake anailipa. Kazi yenu kikaoni ni kuonyesha gharama hiyo ni ipi, nani anailipa na nani anaikwepa. Dai lolote lisiloweza kuelezwa kwa namna hiyo, liacheni nyumbani.

Jueni mlango wa kugonga

LATRA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA upande wa nchi kavu. Ndiyo inayotoa leseni ya usafirishaji, kupanga nauli na kuweka masharti ya kampuni za mtandao. Malalamiko ya abiria yana chombo chake, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC. Madereva wengi hawalikaribii baraza hili wakidhani ni la upande wa pili. Likaribieni. Hoja ya dereva ikiungwa mkono na wasemaji wa abiria, mdhibiti hawezi kuiona kama kilio cha watu wanaotaka kupandisha bei.

Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Huko ndiko pa kupeleka jambo kama kampuni kubwa kuuza chini ya gharama ili kuwaondoa wenzake sokoni, kampuni mbili kukubaliana bei kwa siri, au moja kuinunua nyingine. Mkumbuke kwamba sheria hiyo inawahusu na ninyi. Vijiwe vikikaa na kukubaliana kwamba hakuna kushuka chini ya bei fulani, huko nako ni kupanga bei. Ndiyo maana nauli ya chini inatakiwa iombwe kwa mdhibiti, itangazwe na yeye, wala isipitishwe kwenye kikao cha kijiwe. Uamuzi wa LATRA ukiwaumiza, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani.

Maegesho na eneo la kijiwe ni mambo ya halmashauri. Msipoteze dakika zenu za LATRA kuyalalamikia.

Fanyeni hesabu ya safari moja

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo wengi huangukia. Ukimuuliza dereva wa mtandao tatizo ni nini, atakwambia kamisheni. Ukimuuliza wa kijiwe, atakwambia bei za mtandao. Wote wawili wanasema kweli nusu, na mdhibiti ana wachumi watakaoiona nusu iliyobaki.

Chukueni safari moja ya kilomita 8. Namba nitakazoweka ni za mfano tu, nanyi mtaweka zenu. Dereva wa mtandao anatoza nauli ya shilingi 10,000. Kamisheni ya asilimia 25 inaondoka na 2,500, ada ya kuagiza gari ya asilimia 3 inaondoka na 300. Zinabaki 7,200. Kumfuata abiria na kusogea baada ya kumshusha kumekula kilomita 4 za gari tupu, kwa hiyo gari limekwenda kilomita 12. Ikiwa lita moja inakwenda kilomita 12 na inauzwa 3,000, mafuta ni 3,000. Zimebaki 4,200. Hesabu ya tajiri ni 20,000 kwa siku, na siku hiyo amepata safari 10, kwa hiyo kila safari inachangia 2,000. Mkononi zinabaki 2,200 kwa safari, 22,000 kwa siku, kabla hajala, hajanunua bando, wala hajaweka akiba ya matairi.

Sasa dereva wa kijiwe, kilomita 8 zilezile. Amepatana na abiria 12,000, hana kamisheni ya mtu. Lakini anarudi kijiweni tupu, kwa hiyo gari limekwenda kilomita 16 na mafuta ni 4,000. Hesabu ya tajiri ni ileile 20,000, ila yeye amepata safari 4 tu, kwa hiyo kila safari inabeba 5,000. Zinabaki 3,000 kwa safari, 12,000 kwa siku.

Mtu akiishia hapo atasema wa mtandao amemzidi mwenzake karibu mara mbili. Endeleeni mbele. Wa mtandao ameendesha kilomita 120 siku hiyo, wa kijiwe 64. Gawanyeni faida kwa kilomita: wa mtandao anapata kama shilingi 183, wa kijiwe kama 188. Kwa kila kilomita wanayolitembeza gari wanapata karibu sawa, na wa mtandao anamzidi mwenzake kwa siku kwa kulichakaza gari mara mbili na kukaa nyuma ya usukani saa nyingi zaidi. Namba zenu halisi huenda zikaegemea upande mwingine. Lakini bila kufika hapo hamtajua mnachokidai ni kamisheni ndogo, nauli kubwa, au kupunguza mwendo wa gari tupu.

Jaribuni sasa kulipima kwa hesabu dai la kamisheni. Tuseme mdhibiti amekubali kuishusha hadi asilimia 15. Watu wanashangilia. Kesho yake kampuni, ili ibaki na wateja, inashusha nauli ya safari ileile kuwa 8,000. Asilimia 15 ni 1,200, ada ya asilimia 3 ni 240, zinabaki 6,560. Dereva aliyepata punguzo kubwa la kamisheni ameishia na upungufu wa shilingi 640 kwa kila safari ukilinganisha na zamani. Ukitoa mafuta na hesabu ya tajiri, mkononi inabaki 1,560 badala ya 2,200. Kikomo cha kamisheni kisichoambatana na nauli ya chini kinaweza kumwacha dereva palepale au chini zaidi. Hesabu hii iandikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa waraka wenu, maana ndiyo itakayowatofautisha na kila aliyekuja na bango.

Tofautisheni pia nauli kushushwa na ofa. Kampuni ikimpa abiria punguzo kisha ikamfidia dereva, gharama ni ya kampuni, na swali linalobaki ni la Tume ya Ushindani: inauza chini ya gharama kwa muda gani na kwa nia gani? Ikishusha nauli yenyewe, gharama imehamia kwa dereva.

Yaliyotokea mwaka 2022

Machi 2022 LATRA ilitangaza viwango vipya vya nauli na kuweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 15. Uber, iliyokuwa Dar es Salaam tangu 2016, ilisimamisha huduma Aprili mwaka huo, na Bolt nayo ikapunguza huduma zake. Mwishoni mwa mwaka masharti yalirekebishwa, kamisheni ikaruhusiwa kufika asilimia 25 pamoja na ada ya kuagiza gari ya asilimia 3, na mwanzoni mwa 2023 Uber ikarejea.

Mtasikia watu wakilitumia tukio hili kusema kwamba mdhibiti akigusa kampuni, kampuni zinaondoka, kwa hiyo tunyamaze. Mimi silioni hivyo. Kenya iliweka kikomo cha asilimia 18 katika kanuni za mwaka 2022. Kampuni zilipinga, lakini hazikuondoka. Oktoba 2023 mamlaka ya usafiri ya nchi hiyo, NTSA, ilikataa kuhuisha leseni ya Bolt hadi malalamiko ya madereva kuhusu kamisheni na ada ya kuagiza gari yashughulikiwe, na baadaye leseni ikatolewa. Soko la Nairobi ni kubwa kuliko la Dar es Salaam, na hilo lina uzito wake. Hata hivyo funzo langu ni jingine: asilimia ikitajwa bila hesabu iliyo wazi nyuma yake, haina wa kuitetea siku kampuni itakapotingisha kiberiti. Mkienda na hesabu ya safari moja, iliyokusanywa kwa madereva wengi wa maeneo tofauti, mnampa mdhibiti kitu cha kushikilia.

Masharti ya kufanana na ya kutofautiana

Kosa linalofanywa na pande zote ni kudai kila kitu kiwe sawa. Yapo mambo ambayo lazima yawe sawa bila mjadala, kwa sababu hatari yake ni ileile bila kujali abiria ameitaje gari: leseni ya usafirishaji, namba nyeupe za biashara badala ya zile za njano za gari binafsi, bima ya gari la kubeba abiria, ukaguzi wa gari, leseni ya udereva ya daraja linaloruhusu kubeba abiria, na kodi. Kama dereva wa kijiwe amekata bima ya biashara na mwenzake wa mtandao anabeba abiria kwa bima ya gari binafsi, huo ndio upendeleo unaopaswa kutajwa kwa jina. Vilevile kama teksi ya kijiwe ina mstari ubavuni na leseni yake iliisha muda siku nyingi, huku wa mtandao akizuiwa na programu kila karatasi yake inapoisha muda, basi anayepunjwa ni wa mtandao. Kagueni nyumba yenu kwanza. Mtaulizwa, na mbele ya watu.

Kuna kauli moja mtakayokutana nayo kikaoni: kwamba kampuni ya programu ni kampuni ya teknolojia tu, inaunganisha watu, haisafirishi mtu, kwa hiyo masharti ya usafirishaji hayaihusu. Suala hilo lilifika kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kutokana na kesi iliyofunguliwa na chama cha madereva wa teksi wa Barcelona. Desemba 2017 mahakama ilisema huduma ya Uber ni huduma ya usafiri, kwa sababu kampuni ndiyo inayoamua masharti ya safari, pamoja na bei. Uamuzi huo hauifungi Tanzania, lakini mantiki yake ni rahisi kuieleza kwa Kiswahili: anayepanga nauli, anayemchagua dereva na anayemfungia, huyo yumo kwenye biashara ya usafiri.

Kisha yapo yanayotakiwa kutofautiana. Abiria anayesimamisha teksi barabarani usiku, au anayeshuka kwenye basi na mizigo, hana nafasi ya kulinganisha bei, na hajui dereva ni nani. Abiria wa mtandao ameona bei kabla ya kupanda, ana jina la dereva, namba ya gari na rekodi ya njia. Kwa hiyo teksi ya kijiwe inahitaji sheria kali zaidi kwenye uwazi wa nauli, na kampuni ya mtandao inahitaji sheria kali zaidi kwenye makato, nauli kupanda ghafla na namna inavyowashughulikia madereva.

London wamegawa kazi hivyo kwa miaka mingi. Teksi nyeusi peke yake ndiyo inayoruhusiwa kupakia abiria aliyenyoosha mkono barabarani, ina mita, na dereva wake anafanya mtihani mgumu wa kuijua mitaa ya jiji. Magari mengine ya kukodi, yanayosimamiwa na sheria ya mwaka 1998, lazima yaagizwe kabla. Uber iliingia kwenye kundi hilo la pili. Mgogoro haukuisha, lakini kila upande unajua mpaka wake uko wapi. Kwetu kijiwe kinaweza kuomba haki kama hiyo ya kupakia barabarani na stendi. Bei ya kuipata ni kukubali ubao wa nauli unaosomeka, wenye vituo vikuu na kiasi chake, au mita. Kigali mamlaka ya udhibiti ya Rwanda, RURA, iliagiza hata pikipiki za abiria zitumie mita ili abiria asibishane bei kila akipanda, ingawa madereva walilalamika sana. Huwezi kuomba ulinzi wa barabara huku ukikataa abiria ajue bei yako.

Nilishuhudia kwenye stendi moja ya mabasi Dar es Salaam mama aliyeshuka alfajiri na mtoto mgongoni, begi na kiroba cha mchele. Aliita gari kwa simu. Dereva akampigia: “Mama, hapo siwezi kuingia, wenye kijiwe watanizuia. Vuka barabara, nakusubiri kituo cha mafuta.” Kijana mmoja wa kijiweni akamfuata, “Dada yangu, njoo nikupeleke, huko utahangaika bure,” lakini bei aliyotaja ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwenye simu. Mama akabeba kiroba, akavuka. Kila mtu pale alikuwa na sababu yake: vijana wa kijiwe wanalipia eneo lile, yule wa mtandao hana pa kusimama, na bei ya kijiwe inabeba safari ya kurudi tupu. Aliyebeba mzigo ni mama.

Eneo la kupakia kwenye stendi, hospitali na viwanja vya ndege lidaini kwa maandishi, kwa halmashauri na wenye maeneo hayo, na kwa ajili ya wote: sehemu ya kijiwe na sehemu ya magari ya mtandao, kila moja ikilipiwa ushuru. Mkiomba mwenzenu afukuzwe, abiria atahesabu upande wenu kama ndio uliomvusha barabara na kiroba.

Mambo manne yanayosahauliwa

La kwanza ni nauli kupanda pale mvua inaponyesha au watu wanapotoka kazini. Abiria huchukia, dereva hufurahia, na mdhibiti hujikuta katikati. India iliweka miongozo mwaka 2020 ikizitaka kampuni zisipandishe zaidi ya mara moja na nusu ya nauli ya msingi, wala kushuka chini ya nusu yake, na dereva apate angalau asilimia 80 ya nauli. Mwaka 2025 kikomo cha juu kikasogezwa hadi mara mbili. Uzuri wa mfumo huo ni kwamba una dari na sakafu kwa pamoja. Mkiomba sakafu peke yake mtaonekana wabinafsi. Ombeni vyote viwili.

La pili ni muda wa kusubiri. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, na kwamba muda wao wa kazi ulianza wanapowasha programu wakiwa tayari kupokea safari. New York walikwenda njia nyingine ninayoipenda zaidi. Kuanzia Februari 2019 jiji liliweka malipo ya chini ya dola 17.22 kwa saa baada ya kutoa gharama, kwa fomula inayoangalia ni sehemu gani ya muda wa dereva gari linakuwa na abiria. Magari yanavyokaa tupu zaidi, ndivyo malipo ya kila safari yanavyotakiwa kuwa makubwa. Kampuni inayojaza madereva wengi kuliko kazi iliyopo inailipia. Fomula ya namna hiyo inahitaji takwimu, na takwimu ziko kwa kampuni, kwa hiyo dai lenu la kwanza liwe kwamba LATRA ipewe takwimu za safari na za muda wa magari kukaa tupu.

La tatu ni kufungiwa akaunti. Dereva anaamka asubuhi, programu imemtoa, hajui kosa, hana wa kumuuliza, na hesabu ya tajiri iko palepale. Ombeni sharti la leseni linaloitaka kampuni itoe sababu kwa maandishi, iwe na ofisi nchini yenye mtu wa kusikiliza, na itoe uamuzi ndani ya siku zilizotajwa. Isipokuwa pale penye tuhuma ya kumdhuru abiria, dereva asikilizwe kabla ya kufungiwa. Hata mwenye kijiwe alitetee hili kwa moyo wote. Kesho gari lake nalo litakuwa mtandaoni.

La nne ni dereva kufungwa na kampuni moja. Machi 2018 Uber iliuza biashara yake ya Asia ya Kusini-Mashariki kwa Grab. Septemba mwaka huo tume ya ushindani ya Singapore ilizitoza kampuni hizo mbili jumla ya dola milioni 13 za Singapore, na ikaiagiza Grab isiwabane madereva wasitumie programu nyingine. Ushindani unakufa pale dereva anaposhindwa kuhama. Dereva mwenye programu tatu kwenye simu moja ndiye anayezilazimisha kampuni zishindanie kamisheni, bila hata mdhibiti kuingilia.

Tahadhari kuhusu kufunga idadi ya magari

Kwenye kila kikao kuna atakayesimama aseme magari yamezidi, leseni zisitolewe tena. Dai hili linavutia, na wakati mwingine lina msingi. Lakini kabla ya kulipitisha, jueni kilichowapata wenzetu wa New York. Sheria ya mwaka 1937 iliweka kikomo cha vibali vya teksi za njano. Vibali vikawa adimu, vikanunuliwa na kuuzwa kama nyumba, na kufikia 2014 kimoja kilikuwa kimevuka dola milioni moja. Madereva, wengi wao wahamiaji, walikopa kununua. Magari ya programu yalipomiminika bila kikomo chochote, bei ya vibali ikaanguka, madeni yakabaki. Mwaka 2018 madereva kadhaa wa jiji hilo walijiua. Ni Novemba 2021 tu, baada ya madereva kugoma kula, ndipo jiji lilipokubali mpango wa kupunguza madeni hayo kwa udhamini wake.

Kwa hiyo mkiomba kikomo, ombeni kiwe cha muda, kihusu pande zote mbili, kihuishwe kwa takwimu za magari kukaa tupu, na leseni isiuzwe wala kukodishwa na mtu asiyeendesha. Kibali kikishakuwa mali ya kuuzwa, faida ya kikomo inaingia kwa mwenye fedha za kukusanya vibali, na dereva anarudi kulipa hesabu.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuufungua mtandao kwa teksi za kijiwe. Machi 2022 Uber hiyohiyo ilikubaliana kuziweka teksi za njano za New York kwenye programu yake. Ombeni kampuni zipokee gari lolote lenye leseni halali na lililokaguliwa, badala ya kumkataa dereva kwa sababu gari lake lina mstari.

Kuandika na kusema

Waraka usizidi kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ni hesabu ya safari moja, upande kwa upande, kijiwe na mtandao. Kusanyeni namba kwa madereva wasiopungua thelathini wa maeneo tofauti, katikati ya jiji na pembezoni, kwa wiki nzima: safari ngapi, kilomita ngapi zikiwa na abiria na ngapi tupu, mafuta, hesabu ya tajiri, saa za kazi. Kilomita zisomwe kwenye dashibodi asubuhi na usiku. Za kukisia zitawaangusha. Ambatanisheni picha za skrini za makato, mkiwa mmefuta majina na namba za abiria.

Kisha andikeni madai yasiyozidi matano, kila moja katika sentensi moja yenye kitu cha kupimika. “Kampuni zitende haki” haipimiki. “Kila safari ionyeshe kwa dereva na kwa abiria nauli kamili, kamisheni na ada” inapimika. Chini ya kila dai andikeni abiria anapata nini. Mkikosa cha kuandika hapo, dai hilo limeandikwa kwa ajili ya kijiwe peke yake, na wajumbe wataligundua.

Chagueni msemaji mmoja wa kijiwe na mmoja wa mtandao, wakae viti vya jirani na wagawane dakika. Mkutano uliozoea kuwaona mkirushiana maneno utawasikiliza. Mkimpata tajiri mwenye magari ya pande zote mbili akaja kusema hesabu yake, ni bora zaidi, maana gharama ya gari anaijua kuliko wote. Msitishie kugoma siku hiyo. Dakika zikibaki, zitumieni kujibu maswali.

Kabla hamjatoka ukumbini, ombeni waraka wenu ugongwe muhuri wa kupokelewa na mbaki na nakala. Ombeni pia amri itakayotoka iwe na tarehe ya kupitiwa upya, mwaka mmoja ukipita, na itaje takwimu zitakazoangaliwa siku hiyo. Amri ikishaanza kutumika, wale madereva thelathini warudie hesabu ileile baada ya miezi mitatu na baada ya sita, na nakala moja ipelekwe LATRA, nyingine LATRA CCC.